Kukagua Barabara ya Mtaa Nairobi: Nani Anapita na Nani Anazuiwa

Barabara ya mtaa hukaguliwa na watu wengi kabla ya kufunguliwa. Mhandisi hupima unene wa lami, mkandarasi huhesabu mita alizokamilisha ili alipwe, na viongozi hufika siku ya uzinduzi. Swali linaloachwa nje mara nyingi ni iwapo mkazi anayetumia kiti cha magurudumu, mama aliyembeba mtoto mgongoni huku ameshika mtungi wa gesi, mtoto wa darasa la kwanza na mzee ambaye macho yake yamefifia wanaweza kutoka mlangoni pao hadi stejini, yaani kituo cha matatu, bila kuomba msaada na bila kuhatarisha maisha. Mwongozo huu ni wa kamati za wakazi, vikundi vya watu wenye ulemavu, wanafunzi wa upangaji wa miji na yeyote anayetaka kulijibu swali hilo kwa vipimo ambavyo ofisa wa kaunti hawezi kuvipuuza kwa urahisi.

Kazi hii ina msingi wa sheria, kwa hiyo isifanywe kana kwamba tunaomba hisani. Ibara ya 27 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakataza ubaguzi wa moja kwa moja na usio wa moja kwa moja, ukiwemo ule unaotokana na jinsia, ujauzito, umri au ulemavu, na Ibara ya 54 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia mahali pote na kutumia usafiri wa umma kwa kiwango kinachofaa. Ubaguzi usio wa moja kwa moja ndio unaojificha barabarani. Hakuna aliyeandika popote kwamba watu wa viti vya magurudumu wasipite, lakini jiwe la ukingo lenye kimo cha sentimita 15, lisilo na mteremko hata mmoja kutoka kona hadi kona, linasema hivyo kila siku.

Chagua safari, usichague barabara

Ukaguzi mwingi hupima barabara kwa jina lake, kutoka makutano haya hadi yale. Mkazi haitumii barabara namna hiyo. Anatoka chumbani, anapita ujia wa ploti, anavuka geti, anashika barabara ya ndani, anavuka barabara kubwa zaidi, ndipo anafika stejini, zahanati, shuleni, kanisani au msikitini. Chagua basi safari nne au tano ambazo wakazi wengi huzifanya kila siku, uzifuate mwanzo hadi mwisho, pamoja na sehemu zilizo ndani ya kuta ambazo kaunti huziona kuwa mali ya watu binafsi.

Geti lenyewe linahitaji kutazamwa kwa makini. Katika mitaa mingi ya Eastlands, upande wa mashariki wa jiji, geti la magari hufungwa na kuachwa mlango mdogo wa chuma uliokatwa ndani yake, na mlango huo una kizingiti kilichoinuka juu ya ardhi. Mtu mwenye miguu yenye nguvu huinua goti na kupita bila hata kukumbuka kwamba kizingiti kipo. Kiti cha magurudumu hakipiti, na mwenye kiti hulazimika kumngoja mlinzi aje afungue geti kubwa, akiwa kwenye mvua au kwenye jua. Barabara iliyo nje ya geti hilo inaweza kuwa nzuri kuliko zote katika wadi, lakini safari ya mkazi huyo imekwama kabla ya kuifikia.

Kwa sababu hiyo kila safari ipewe alama ya sehemu yake mbaya zaidi. Wastani hudanganya: mita 400 za kabro (matofali ya zege ya kutandaza njiani) iliyonyooka pamoja na mita moja ya mtaro usio na mfuniko ni safari isiyopitika kwa mtu asiyeona, hata kama hesabu ya jumla inaonyesha kwamba karibu njia yote ni nzuri. Ninapendekeza madaraja matatu tu, yaani mtu anapita peke yake, anapita akisaidiwa, au hapiti kabisa. Daraja la katikati lisichukuliwe kuwa nusu ya ushindi. Mtu anayepita kwa kusaidiwa huenda mahali pale tu na saa ile tu ambayo msaidizi wake ana nafasi, na huo si uhuru ambao Katiba inauzungumzia.

Kwa ramani, huhitaji kusubiri michoro ya serikali. Ramani huria ya OpenStreetMap ina vijia vingi vya Nairobi. Vya Kibera vilianza kuchorwa na vijana wa mtaa wenyewe kupitia mradi wa Map Kibera mwaka 2009. Chapisha kipande cha mtaa wenu kwenye karatasi kubwa, kisha wakazi wachore kwa kalamu safari zao na mahali wanapokwama.

Watu wa kutembea nao

Kuna wakaguzi wanaoazima kiti cha magurudumu wakajaribu kukiendesha wenyewe kwa saa moja. Sioni faida kubwa katika zoezi hilo. Mgeni wa kiti hushindwa mahali ambapo mzoefu hupita kwa ustadi, na hupita mahali ambapo mzoefu ameshajua kwamba mabega yatamuuma hadi usiku. Mwalike mwenye kiti mwenyewe, mlipe muda wake na nauli yake kama unavyomlipa mtaalamu yeyote, na umwachie aongoze njia huku wewe ukinyamaza na kuandika.

Mzee mmoja asiyeona wa Jericho, mtaa wa Eastlands, aliwahi kunionyesha jinsi anavyoisoma barabara yao. Fimbo yake nyeupe hugusa jiwe la ukingo hatua kwa hatua, na kila jiwe linapokatika hujua kwamba amefika kwenye mlango wa kiwanja fulani. Huhesabu milango hiyo hadi dukani na hakosei. Sehemu moja ya njia hiyo ilikarabatiwa, njia ya miguu ikasawazishwa na lami ili viti vya magurudumu vipande na kushuka bila tabu, jambo ambalo kwa wengine lilikuwa neema. Kwake yeye ramani yote ilifutwa, na mara akajikuta katikati ya barabara bila kujua aliuacha upande wa miguu saa ngapi.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu ndilo fundisho ambalo orodha za ukaguzi hulikosa: mahitaji ya watu wenye ulemavu hayafanani, na wakati mwingine yanagongana. Pale ambapo ukingo unashushwa kwa ajili ya magurudumu panahitajika ukanda wa vigae vyenye vinundu ambavyo mguu na fimbo vinavihisi, na ukaguzi uandike kasoro zote mbili, mahali ambapo ukingo ni mrefu mno na mahali ambapo umetoweka bila alama.

Waalike pia viziwi, kwa kuwa wao ndio watakaokuambia jinsi ilivyo kutembea kwenye njia ya miguu wakati bodaboda zinapanda juu yake kutoka nyuma. Mwalike msukuma mkokoteni, mama mwenye mapacha, kijana mwenye usonji pamoja na mzazi wake, na nyanya anayehitaji mahali pa kuketi kila baada ya mita mia moja hivi. Wanawake wasikilizwe peke yao kwa sehemu ya mazungumzo, maana mambo ya kushikwashikwa na kufuatwa gizani hayasemwi mbele ya kila mtu.

Kundi gumu zaidi kulipata ni la watu wasioonekana barabarani. Ukisimama kwenye kona ukahesabu wapita njia, unawahesabu wale tu ambao barabara imewakubali. Waliozuiwa wako nyumbani, na kutokuwepo kwao huonekana kama uthibitisho kwamba hakuna mwenye shida. Wahudumu wa afya ya jamii wanazijua nyumba zenye watu wasiotoka. Usiwaombe majina, kwa sababu hiyo ni siri ya mgonjwa. Waombe wapeleke mwaliko, na atakayependa atakuita umtembelee. Maswali ya kumuuliza ni machache: mara ya mwisho alitoka lini, alikwenda wapi, nani alimbeba, na angependa kwenda wapi kama njia ingemruhusu.

Vipimo vya njia

Vifaa ni tepu ya kupimia, pima maji ya fundi, ubao ulionyooka wa mita moja, simu yenye kamera na chaki. Gharama yake ni ndogo.

Anza na upana, lakini pima upana unaopitika, ambao ni tofauti na ule ulioandikwa kwenye mchoro. Njia ya miguu inaweza kuwa na mita mbili kutoka ukuta hadi ukingo, kisha nguzo ya umeme ikasimama katikati yake na kuacha sentimita 70 upande mmoja na 80 upande wa pili. Upana wa mita 1.8 unaruhusu viti viwili vya magurudumu kupishana, mita 1.2 inamtosha mwenye kiti lakini inamlazimu anayekuja asubiri. Na pembeni ya kizuizi kama nguzo zisipungue sentimita 90. Andika kipimo cha mahali pembamba kuliko pote katika kila safari, na upige picha tepu ikiwa imenyooshwa mahali hapo ili namba zisomeke.

Mteremko hupimwa kwa ubao na pima maji. Laza ubao kufuata mwelekeo wa njia, inua ncha ya chini hadi kiputo kitulie katikati, kisha pima nafasi iliyobaki kati ya ncha hiyo na ardhi. Ikizidi sentimita 8.3 kwa ubao wa mita moja, mteremko huo umepita kiwango cha moja kwa kumi na mbili ambacho hutumiwa kama kikomo cha njia za viti vya magurudumu. Halafu geuza ubao ukate njia kutoka ukutani kuelekea barabarani. Hapa nafasi isizidi sentimita 2, na hapa ndipo mitaa ya matajiri hushindwa. Kilimani na Kileleshwa, ambako maghorofa yamechukua mahali pa nyumba za bustani, kila jengo lina mlango wake wa magari, na mara nyingi mlango huo umeinamisha njia ya miguu kuelekea barabarani ili gari lipande bila kutikisika. Mwenye kiti hulazimika kusukuma gurudumu moja kwa nguvu na kulizuia lingine, mlango baada ya mlango, huku kiti kikimvuta kwenye magari. Ukiangalia kwa macho tu, utaona njia nzuri yenye maua pembeni. Ni ubao unaousema ukweli.

Sakafu ya njia nayo hutegemea ardhi iliyo chini yake. Upande wa mashariki wa jiji, kwa mfano Embakasi, kuna udongo mweusi unaovimba unapolowa na kupasuka unapokauka, tofauti na udongo mwekundu wa upande wa magharibi. Kabro iliyotandazwa juu ya udongo mweusi bila udongo huo kuchimbwa na kujazwa kifusi kizuri huanza kupanda na kushuka kama mawimbi baada ya misimu michache, na magurudumu madogo ya mbele ya kiti hukwama kwenye kila ufa. Kwa hiyo njia iliyopimwa wiki ya uzinduzi haijapimwa. Pima tena baada ya mvua na kiangazi.

Kwa mitaro, andika kina chake, upana wake, na kama ina mifuniko. Mifuniko ya chuma huibwa na kuuzwa kama vyuma chakavu, hivyo mahali palipo na fremu tupu papewe alama ya hatari hata kama mchoro unaonyesha mfuniko. Mifuniko ya zege hudumu zaidi, ila angalia mapengo kati ya mmoja na mwingine, na pia nyavu za chuma za kupitishia maji: nafasi zinazozidi sentimita 1.3, au zinazofuata mwelekeo wa safari badala ya kuukata, hunasa gurudumu, ncha ya fimbo na kisigino cha mkongojo.

Kasi, makutano na macho ya mtoto

Huhitaji mtambo wa polisi kupima kasi. Weka alama mbili za chaki zilizo umbali wa mita 50, simama mahali usipoonekana na dereva, na utumie saa ya simu. Gari linalotumia sekunde 6 linakwenda kilomita 30 kwa saa. Linalotumia sekunde 3.6 linakwenda kilomita 50. Kikomo cha kisheria mijini ni kilomita 50, lakini Azimio la Stockholm la Februari 2020 kuhusu usalama barabarani linataka kikomo cha kilomita 30 mahali ambapo magari huchanganyika na waendao kwa miguu na kwa baiskeli, na barabara ya mtaa ni mahali hapo hasa. Pima saa za shule kufunguliwa na kufungwa, pia usiku barabara inapokuwa tupu.

Kwenye makutano, angalia kona zilivyochongwa. Kona yenye mviringo mpana humruhusu dereva kugeuka bila kupunguza mwendo, na wakati huo huo humwongezea mtembeaji umbali wa kuvuka. Matuta husaidia, ila chunguza yanapoishia: yakiacha nafasi pembeni, bodaboda hupitia hapo na kupanda njia ya miguu, na yakifika hadi ukingoni bila tundu la maji, hugeuka bwawa. Kivuko kilichoinuliwa hadi usawa wa njia ya miguu ni bora, kwa kuwa gari ndilo linalopanda, na mtu anaendelea kutembea sawasawa.

Mtoto wa miaka mitatu ana kimo cha sentimita 95 hivi. Shusha kamera ya simu hadi kimo hicho kwenye kila mahali pa kuvuka na upige picha kuelekea magari yanakotoka. Picha nyingi zitaonyesha mlango wa gari lililoegeshwa au kibao cha tangazo na hazitaonyesha barabara kabisa. Sijaona ushahidi unaomnyamazisha mhandisi haraka kuliko picha hizi.

Usiku na mvua

Safari zilezile zifanywe tena alfajiri saa kumi na moja, wakati wafanyakazi wa zamu wanapotoka, na usiku saa mbili, wanaporudi. Nguzo ndefu za taa ambazo watu huziita mulika mwizi huangaza uwanja mpana, lakini vijia vilivyo kati ya kuta hubaki na vivuli vizito. Andika taa zilizopo na zile zinazowaka, kisha waulize wanawake wanazunguka wapi ili kuikwepa sehemu fulani. Mzunguko huo una bei. Mama anayelipa bodaboda kila jioni kwa umbali ambao angeutembea kwa dakika kumi analipia taa iliyokosekana, na nauli hiyo ikizidishwa kwa siku za kazi za mwezi huonyesha hasara ambayo bajeti ya barabara haiioni.

Mvua za masika huanza Machi hadi Mei na za vuli Oktoba hadi Desemba. Ukaguzi usiofanyika katika mojawapo ya misimu hiyo umekamilika nusu. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024, yaliyoipiga Mathare na maeneo mengine ya jiji, yaliwaonyesha wote kwamba maji huwafikia kwanza walio mabondeni. Katika barabara ya mtaa jambo la kupima ni tofauti ya kimo kati ya lami na kizingiti cha nyumba. Mitaa ya zamani ilijengwa wakati barabara zilikuwa chini ya vizingiti. Lami mpya hutandazwa juu ya ya zamani, na siku moja nyumba inajikuta chini ya barabara. Gari linapita pakavu na maji yanaingia jikoni. Hilo ni suala la usawa sawasawa na ukingo mrefu, kwa sababu mradi mmoja umempa mmoja faida kwa kumwondolea mwingine.

Nani amepewa nafasi

Baada ya vipimo vya safari, chukua sehemu mbili au tatu za barabara na ukate msalaba wake, kutoka ukuta hadi ukuta. Andika mita ngapi zimepewa magari yanayokwenda, ngapi magari yaliyoegeshwa, ngapi mitaro, ngapi miti na ngapi waendao kwa miguu. Kisha hesabu kwa saa nzima watu wanaopita kwa kila njia, ukiwahesabu abiria walio ndani ya magari pia ili usipendelee upande wowote. Katika Nairobi takriban asilimia 40 ya safari zote hufanywa kwa miguu, na katika barabara nyingi za Eastlands utakuta uwiano mkubwa zaidi, lakini nafasi waliyopewa watembeaji ni ndogo mno au haipo. Sera ya kaunti ya mwaka 2015 kuhusu usafiri usiotumia injini iliahidi kutenga angalau asilimia 20 ya bajeti ya uchukuzi kwa ajili ya watembeaji na waendesha baiskeli. Kipimo chako cha ukuta kwa ukuta ndicho kinachoonyesha ahadi hiyo imefika wapi katika mtaa wako.

Tofauti kati ya mtaa na mtaa haikutokea kwa bahati. Wakoloni waliligawa jiji kwa rangi ya watu: Wazungu upande wa magharibi na kaskazini kwenye viwanja vikubwa, Wahindi Parklands na Ngara, Waafrika upande wa mashariki karibu na reli na viwanda. Mpango mkuu wa mwaka 1948 uliupanga mji kwa mafungu ya makazi, na Kaloleni, iliyojengwa katika miaka ya 1940, bado inaonyesha wazo hilo kwa uwanja wake wa kati na vijia vinavyomwezesha mtoto kufika katikati ya mtaa kwa miguu. Ni ajabu kwamba mtaa uliojengwa chini ya ubaguzi wakati mwingine unatembeka vizuri kuliko ule ulioongezwa baada ya uhuru bila mpango wowote. Ukaguzi mzuri hulinganisha mitaa miwili iliyo chini ya kaunti ile ile, kwa vipimo vile vile, kwa sababu hasara ya mtaa mmoja haionekani vizuri hadi iwekwe kando ya faida ya mwingine. Na katika mitaa ya viwanja vikubwa usiwahoji wakazi peke yao: asubuhi wengi wanaotembea Kilimani na Lavington ni walinzi, mafundi na wafanyakazi wa nyumbani wanaotoka Kawangware na kwingineko, ambao hawana kiti katika mkutano wa wenye nyumba unaoamua geti lifungwe saa ngapi.

Kuhusu wachuuzi, nina msimamo na ninauweka wazi. Orodha nyingi za ukaguzi humtaja mama mboga chini ya safu ya vizuizi, na ripoti hiyo ikifika kwa ofisa mwenye haraka, jambo la kwanza kutekelezwa ni kubomoa vibanda, maana ndilo rahisi kuliko kuhamisha nguzo au kuondoa maegesho. Ufikivu ukitumiwa kumnyang'anya riziki mwanamke maskini, umegeuzwa kuwa silaha. Tena kibanda hicho ndicho soko pekee linalofikiwa na mtu asiyeweza kwenda mbali, na macho ya mama mboga hadi saa tatu usiku yanalinda kona kuliko taa iliyokufa. Pima nafasi inayobaki mbele ya kibanda. Ikiwa ni chini ya mita 1.2, andika ni wapi kibanda kinaweza kusogezwa hatua chache, hasa kwenye nafasi ya gari moja lililoegeshwa, na mwenye kibanda awepo mnapoandika.

Katika mitaa ya mabanda swali hili huwa zito zaidi. Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani zilitangazwa eneo maalumu la mipango mwaka 2017, na wakazi wakashiriki kupanga. Ujia ukipanuliwa, gari la zimamoto na la wagonjwa linaweza kuingia, na kiti cha magurudumu kinaweza kutoka. Lakini upanuzi huchukua vyumba, na wengi wa wanaolala humo ni wapangaji ambao hawana hati wala fidia. Katika mazingira hayo ukaguzi lazima uwe na safu moja zaidi: nani anahama, anahamia wapi, na je, atakuwapo kuitumia barabara hiyo ikikamilika.

Kuandika na kufikisha

Ripoti iwe fupi. Ramani moja yenye safari, jedwali moja la sehemu mbaya zaidi na vipimo vyake, picha zenye tepu ndani yake, na maneno ya wakazi waliokubali kunukuliwa bila majina. Picha za watu zipigwe kwa idhini yao, na za watoto kwa idhini ya wazazi.

Kabla ya kuipeleka, jua barabara ni ya nani. Nyingine ziko chini ya kaunti, nyingine chini ya Mamlaka ya Barabara za Mijini, KURA, na nyingine ni za kampuni iliyojenga mtaa. Kama jibu halijulikani, Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 zinakuruhusu kuandika barua na kuomba mchoro, mkataba na jina la mwenye barabara, na ofisi ya umma inapaswa kujibu ndani ya siku 21. Nakala ya ripoti ipelekwe kwa mwakilishi wadi, kwa idara ya barabara ya kaunti na kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Muda ni muhimu: mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti huwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili, hivyo ripoti inayofika Juni imeukosa mlango mmoja na ina miezi michache tu kuuwahi mwingine.

Mapendekezo yapangwe kwa kuanza na sehemu ambazo zikirekebishwa zinafungua safari nzima. Kukata kizingiti cha geti, kuweka mifuniko mitatu ya zege na kushusha ukingo kwenye kona moja kunaweza kumtoa mtu nyumbani mwezi ujao, ilhali kabro ya mtaa mzima itangoja miaka. Mambo ambayo wakazi wanaweza kuyafanya wenyewe yatengwe na yale ambayo ni wajibu wa serikali, ili serikali isije ikawaachia wakazi mzigo wake.

Kazi ikishafanyika, rudini na watu walewale, tepu ileile na ubao uleule. Mikataba ya barabara huwa na kipindi ambacho mkandarasi anawajibika kurekebisha kasoro kwa gharama yake, na sehemu ya malipo yake huzuiliwa hadi kipindi hicho kiishe. Ulizeni katika barua yenu tarehe kinapoisha, mpange ukaguzi wa pili baada ya msimu mmoja wa mvua na kabla ya tarehe hiyo, na mfikishe orodha ya kasoro kwa maandishi, ikiwa na muhuri wa kupokelewa, wakati fedha hizo bado ziko mikononi mwa mwenye mradi.